Alama ya Mzee Gakwaya

Baba mkwe wangu anaitwa Gakwaya. Nimeliandika jina hilo, sikulitamka, na tofauti hiyo naomba ieleweke mapema kabla ndugu zangu hawajaja juu. Kwetu Wanyamulenge mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba wa mume wake. Ukiulizwa, utasema "yule mzee", utasema "babu yao hawa watoto", au utaelekeza kwa kidevu na kunyamaza. Lakini walioweka mila hiyo hawakuwa na kibodi, na mpaka leo hakuna aliyeniambia habari ya vidole. Basi vidole vyangu vimejipa ruhusa.

Mimi ni Mukamurenzi. Mume wangu Semahoro alifariki kabla hatujavuka mpaka kuingia Uganda, akaniacha na mabinti wawili na baba yake. Watu wa ukoo walitarajia mzee anirudishe kwa kaka zangu, kila mtu ahangaike na wake. Hakunirudisha. Tulipopewa kiwanja katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikata miti mwenyewe, akasimamisha nyumba ya udongo, akanionyesha chumba kikubwa na kusema ni changu na watoto. Yeye akachukua kile kidogo, ambacho hata mbuzi angelalamika.

Mwaka 2014 likafunguliwa darasa la kompyuta katika chumba kilicho nyuma ya kanisa letu. Ambao wangefaulu wangepelekwa Mbarara miezi sita, wafundishwe hasa kazi ya kuandika programu, wapewe chumba mtaa wa Kakiika na posho, kisha watafutiwe ajira. Nilisikia tangazo hilo kanisani nikaligeuzia uso, maana watoto ningewaacha na nani? Jioni mzee akaniita.

"Mukazana wangu," akasema, na hivyo ndivyo kwetu mkwe wa kike anavyoitwa, "kesho utaenda ku ile darasa."

"Na watoto, Baba?"

"Nilichunga ng'ombe miaka yote mu milima, na sikuzaa hata moja. Nitashindwa na watoto ba mtoto wangu?"

Tangu siku hiyo mzee wa kanisa, mwenye kofia yake na fimbo yake, akawa mkoroga uji. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mimi sikucheka. Kila asubuhi nilitoka nyumbani nikijua kwamba nikishindwa Mbarara, nitakuwa nimemfanya mtu mzima achekwe bure.

Mwalimu wetu aliitwa Adolphe, kijana mpole aliyesomea Bukavu. Kompyuta zilikuwa chache, kwa hiyo alitupanga wawili wawili: mmoja anashika karatasi na kusoma programu kwa sauti, mwenzake anaandika, kisha mnabadilishana. Herufi hazikutusumbua. Kilichotusumbua ni vile vidudu vilivyo kati ya herufi, nukta na mikia na mabano na vijiti, maana programu imejaa hivyo, na ukikosa kimoja mashine inagoma. Adolphe alivitaja kwa Kifaransa. Waliosoma shule za Uganda walivitaja kwa Kiingereza. Mama Nyirabizimana, mkubwa wetu kwa umri, ambaye hakusoma kule wala huku, vyote aliviita "kale kadudu". Wiki nzima ilipita tukigombana, huyu anasema hiki, yule anabonyeza kile.

Adolphe akaamua tuvipe majina yetu wenyewe, kwa Kiswahili chetu. Mtu anapendekeza, wengine wanainua mikono, imepita.

Siku hiyo sikuwapo. Nilikuwa kwenye foleni ya mgao wa chakula. Niliporudi kesho yake alama zilikuwa zimeshabatizwa. Yale mabano yaliyopinda katikati yaliitwa zizi: unafungua zizi, unaingiza maagizo yako, unafunga zizi, na ukisahau kulifunga kazi yote inapotea. Mabano ya kawaida yaliitwa mikono. Alama za kunukuu ziliitwa masikio ya sungura, na kile kistari cha chini kikaitwa mkeka. Nilifurahi kweli. Kwa mara ya kwanza vitu vile viliingia kichwani mwangu bila kubisha hodi.

Halafu nikafika kwenye nuktamkato, ile nukta yenye mkia chini yake, ambayo hukaa mwisho wa kila agizo. Hiyo iliitwa Gakwaya.

Aliyeibatiza ni Bienfait, kijana wa Kibembe kutoka Fizi, mwenye ulimi mwepesi kuliko miguu. Alisema nukta ya juu ni kofia, mkia ni fimbo, sasa huyu si Mzee Gakwaya ni nani? Tena kanisani kwetu, hata mhubiri achoke vipi, ibada haijaisha mpaka Gakwaya asimame kuifunga kwa sala, na mashine nayo haiamini kwamba agizo limekwisha mpaka imwone. Mikono yote ikapanda, hata wa Ishema, kijana wa kwetu kabisa, ambaye amekulia kambini na mila anakutana nazo kwenye harusi tu. Jina halikuwa baya. Lilikuwa zuri mno, na ndiyo maana niliona hakuna atakayekubali kulitoa.

Nilipokuwa mwandishi mambo yalienda. Bienfait alisoma, "Masikio ya sungura, habari zenu, masikio ya sungura, funga mikono, Gakwaya," na vidole vyangu vikatii. Zamu yangu ya kusoma ilipofika, nilifika mwisho wa mstari nikakohoa. Bienfait hakuandika kitu, mashine ikagoma. Mstari wa pili nikasema, "Na yule." Akauliza yule nani. Nikasema yule wa mwisho. Alivumilia siku hiyo na siku iliyofuata, kisha akasukuma kiti nyuma.

"Mama, sema basi! Iko alama tu! Unatuchelewesha juu ya nini?"

"Siwezi."

"Hauwezi ama hautaki? Mu Mbarara batatupima bawili bawili. Tukianguka, tunaanguka bote."

Alikuwa na haki, na hicho ndicho kilichoniuma. Ningeweza kumweleza. Lakini kambini maneno hayalali, na jioni ileile yangemfikia mzee: kwamba vijana wamemfanya kidudu cha kompyuta, wanambonyeza kwa kidole mchana kutwa. Mtu aliyepoteza ng'ombe, mashamba na mwanawe, akabaki na jina tu, nani angempelekea habari kwamba hata hilo limekuwa mchezo? Mimi sikuwa na uso huo. Nikajifunga kitenge changu nikatoka nje bila kuaga. Hasira hasara, nilijua, lakini miguu ilikuwa imeshaondoka.

Nyumbani nikasema darasa limenishinda, kichwa changu kigumu. Asubuhi iliyofuata mzee akakoroga uji na kunitazama kama mtu anayenisubiri niondoke. Sikuondoka. Asubuhi nyingine tena vilevile. Ndipo akawapeleka watoto kwa jirani, akavaa kofia, akashika fimbo.

"Twende. Nataka mwalimu anieleze hiyo ugumu ya kichwa yako. Mimi sijaiona miaka hii yote."

Alitangulia, nami nikamfuata nyuma. Tulipofika mlangoni walikuwa katikati ya zoezi, migongo yao imetuelekea. Bienfait alikuwa akisoma kwa mbwembwe zake zote.

"Funga mikono, Gakwaya!"

"Niko hapa!" mzee akaitika.

Bienfait alitazama bati juu kama anatafuta pa kutokea. Adolphe, maskini, alisimama akaeleza kila kitu huku jasho likimtoka, na kwa kuwa hakuwa na njia nyingine akamwita mzee aje aone kwenye kioo. Mzee akainama mpaka ukingo wa kofia ukagusa kompyuta.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mzee. Hii kofia, hii fimbo."

"Na nikikosa?"

"Mashine inakataa kazi. Haijue kama maneno imeisha."

"Na kule Ulaya? Na Amerika?"

"Fasi zote kwenye banaandika programu ya namna hii, Mzee, banaiweka... banakuweka pale mwisho. Kila siku. Mara mingi."

Sijawahi kumwona akicheka vile tangu tuvuke mpaka. Alicheka akashika mbavu, akapiga fimbo chini, darasa lote likapata nafuu likacheka naye. Akageuka kunitafuta ili nami nicheke. Akaniona pale mlangoni nimeinamisha uso. Kicheko chake kikapungua, kikaisha, na hakuna aliyehitaji kumweleza jambo.

"Aaa," akasema taratibu. "Kumbe si kichwa. Ni mudomo."

Akavua kofia, akawageukia vijana wale.

"Kwetu mukazana hataji jina ya baba ya bwana yake. Huyu mama tumekaa naye mu vita na mu njaa, hata siku moja hajaniita jina. Sasa munamuwekea mutego ku kila mustari. Mutoe jina yangu humo."

"Lakini Mzee," Ishema akasema, "si ulifurahi?"

"Nilifurahi mingi. Mutoe."

"Sasa tuite nani?" Adolphe akauliza.

"Yeye ananiita Baba. Na nyinyi muite vile."

Nataka niseme wazi: sijawahi kupewa zawadi kubwa kuliko hiyo, na nimeolewa kwa ng'ombe. Mtu alijiona ameandikwa duniani kote, furaha ikamjaa kifuani, na haikumkalia hata muda wa kumaliza kikombe cha chai kabla hajaitoa ili mimi nipite. Nililia palepale mlangoni na sikuona haya. Kisha akavaa kofia yake akaenda kuwachukua watoto, kwa sababu uji ulikuwa bado.

Ilibaki wiki moja kabla ya mtihani wa Mbarara, na darasa zima likaanza upya kwa ajili ya mwanamke mmoja. Ulimi hauna mfupa lakini una mazoea. Kila mtu alikuwa ameshazoea Gakwaya, na sasa ilibidi aseme Baba. Adolphe akatunga adhabu: atakayeteleza anamchotea mama Nyirabizimana jerikeni ya maji. Bienfait aliteleza kuliko wote. Alichota mpaka mama yule akaanza kufua mapazia ya watu, na njia nzima alinung'unika kwa sauti ya kusikika.

"Juu ya mama moja, batu bote banarudia masomo!"

Nilimsikia, nami sikumjibu, ingawa nilikuwa na majibu mazuri tayari. Jambo moja tu lilinishangaza. Kila alipoteleza, kabla hata Adolphe hajasema neno, Bienfait alinigeukia macho yamemtoka, kana kwamba amenimwagia maji ya moto. Nikadhani anaogopa jerikeni.

Mbarara tulipokelewa katika ofisi ya mafunzo na Madam Kyomugisha, mama mrefu asiyependa mchezo. Alituambia tutumie majina yoyote tuyatakayo, yeye anataka programu ifanye kazi kabla mshale wa saa ya ukutani haujafika pale alipotuonyesha. Sharti lilikuwa moja. Anayeandika asifungue mdomo, asije akamsaidia anayesoma. Kura zikapigwa. Mimi niandike, Bienfait asome. Nilimshukuru Mungu, nikaona kazi nyepesi imeniangukia.

Nilishukuru mapema. Mstari wa kwanza ulienda vizuri mpaka mwisho.

"Funga mikono, Ga..." Bienfait akajiziba mdomo kwa kiganja. Akanitazama. Akameza mate, akafumba macho, akavuta pumzi. "Baba."

Mstari wa pili, hivyohivyo. Wa tatu hakuanza hata kukosea, lakini alipoukaribia mwisho alisimama, akanitazama, akalitafuta lile neno jipya kama mtu anayepapasa kiberiti gizani. Ndipo akasema Baba. Wenzetu walikuwa wakikimbia. Jozi ya dirishani ilimaliza, ikakaa mikono kifuani.

"Wewe kijana, soma tu!" Madam Kyomugisha alimwambia kwa Kiswahili chao cha Uganda. "Nasimama simama kwa nini? Saa naisha!"

Nilitaka kumpiga teke chini ya meza. Nilitaka kumwambia sema lolote, sema Gakwaya, sema kadudu, mimi nitaandika! Lakini nikifungua mdomo tunatolewa wote wawili. Nikaona Mbarara inaondoka, chumba cha Kakiika kinaondoka, na mzee anaendelea kuchekwa na majirani na mwiko wake mkononi. Bienfait jasho lilimlowesha kola. Alilifunga zizi la mwisho mshale wa saa ukiwa umebakiza kidogo tu kufika. Nikabonyeza. Mashine ikakaa kimya kidogo, halafu ikaandika salamu zake zote, moja baada ya nyingine, bila kugoma.

Madam Kyomugisha akapita meza kwa meza. Wengi wa waliomaliza mapema walikuwa wameruka alama hapa na pale katika haraka zao, na alipobonyeza, mashine zao ziligoma. Bienfait hakuruka hata moja. Angerukaje kitu alichokuwa akikiogopa hivyo? Madam alipofika kwetu akasoma mstari kwa mstari.

"Hii wawili nachelewa kuliko wote," akasema. "Lakini hakuna mahali nakosa."

Majina yetu yalisomwa ya mwisho, lakini yalisomwa.

Tulitoka tukaenda kando ya stendi, Bienfait akanunua chapati mbili za mayai, moja akanipa mimi. Tulikula tumesimama. Nilipopata nguvu ya kugomba, nikagomba.

"Sasa niambie, ulikuwa na ugonjwa gani mule ndani? Ulikuwa unataka kutuua?"

"Ugonjwa? Mama, jina ya mzee ilikuwa inataka kutoka ku kila mustari! Niliishika na meno."

"Uliishika ya nini? Ungesema tu, mimi ningeandika."

Bienfait aliacha kutafuna. "Mbele yako? Iingie mu masikio yako?"

"Bienfait. Masikio yangu haikatazwe. Ni mudomo."

"Mudomo tu?"

"Mudomo tu. Tena wangu mimi. Wewe unaweza kumuita tangu asubuhi mpaka usiku."

"Na maji yote nilichota?"

"Haukuniuliza."

"Ndiyo maana nilikuwa ninakuangalia!" akalalamika. "Kila nikikosea, nilifikiri nimekuumiza."

"Na kanisani, wakimuita jina na mimi niko pale, uliona ninaanguka chini?"

Akafikiri kwa bidii. "Nilifikiri ku kanisa Mungu anakufungaka masikio."

Nilicheka mpaka chapati ikanipalia. Halafu kicheko kikanigeuka, maana nilielewa alichokifanya. Kijana huyu aliyeninung'unikia wiki nzima, asiye wa kabila langu wala wa ukoo wangu, alikuwa tayari kupoteza miezi sita ya Mbarara, na ya kwake ikiwamo, ili neno moja lisiniguse sikio. Hakuna aliyemtuma. Hata mzee mwenyewe hakumwomba kiasi hicho. Nilimwambia asante, Bienfait, asante ndugu yangu, Mungu akulipe, na kila nilivyosema niliona maneno hayatoshi.

Yeye alikuwa hanisikilizi. Alikuwa bado anatikisa kichwa kwa uchungu wa jerikeni zake. Akafuta mafuta mdomoni kwa mkono, akapanda juu ya jiwe la pembeni mwa barabara, akajaza kifua hewa.

"Gakwaya!" akapiga kelele katikati ya Mbarara. Madereva wa boda wakageuka. Mama mwenye beseni la ndizi kichwani akasimama. "Gakwaya! Gakwaya! Gakwayaaa!"

Mtu mmoja akauliza ni nani amepotea. Bienfait aliyatoa yote aliyokuwa ameyameza, mstari kwa mstari, mpaka sauti ikaanza kumkauka na akataka kushuka.

Nikamshika mkono wa shati. Machozi yalikuwa yakinitiririka na sikuyafuta.

"Ita tena," nikamwambia. "Hii ingine ikuwe yangu."

Akanitazama, akavuta pumzi, akaita.